Kiingereza kama “Lugha ya Pili”: Historia ya Istilahi na Nadharia Zake, kutoka Makerere 1961 hadi Madarasa ya Itaka, Mbozi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya nadharia za ujifunzaji wa lugha ya pili na namna zilivyopokelewa katika ufundishaji wa Kiingereza nchini Tanzania. Eneo la rejea ni kata ya Itaka, wilayani Mbozi, mkoani Songwe, ambako mtoto hukutana na Kiingereza baada ya Kinyiha na Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba istilahi “lugha ya pili” ilitokana na mfumo wa shule ambao uliondolewa mwaka 1967, lakini istilahi yenyewe ilibaki na kuendelea kuongoza sera, mitaala na vitabu. Makala yanaonesha kuwa katika vipindi muhimu nadharia hazikuiongoza sera, bali zilitumiwa kuhalalisha uamuzi uliokwisha kufanyika. Aidha, hali ya shule za mpakani mwa Tanzania na Zambia inalinganishwa ili kuonesha kuwa wingi wa miaka ya kukutana na lugha hauwezi kuchukua nafasi ya uelewa.

1.0 Utangulizi

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 baada ya kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Makao yake makuu yako Vwawa, wilayani Mbozi, katika nyanda za juu zinazojulikana kwa kilimo cha kahawa. Itaka ni mojawapo ya kata za wilaya hiyo. Lugha ya nyumbani ya wenyeji wengi wa Mbozi ni Kinyiha, ambacho katika uainishaji wa Guthrie kimepewa namba M23, karibu na Kinyamwanga (M22) kinachozungumzwa Tunduma na ng’ambo ya mpaka. Kiswahili ni lugha ya soko, ya ofisi ya kata, ya nyumba za ibada na ya shule ya msingi. Kiingereza hakina makazi ya kudumu nje ya uzio wa shule.

Hata hivyo, mtoto wa Itaka anapoingia Kidato cha Kwanza, Kiingereza hugeuka kuwa njia ya kujifunzia Fizikia, Jiografia, Historia na Hisabati. Taaluma ya ujifunzaji lugha humwita mtoto huyu “mjifunzaji wa lugha ya pili”. Jina hilo linastahili kuhojiwa. Kwa hesabu ya kawaida, Kiingereza kwake ni lugha ya tatu. Kwa mazingira, ni lugha ya kigeni, kwa kuwa jamii inayomzunguka haiitumii. Kwa mahitaji ya mtihani, anatakiwa kuimudu kana kwamba ni lugha yake ya kwanza. Swali linalojadiliwa hapa ni la kihistoria: jina hilo lilitoka wapi, na kwa nini limedumu?

2.0 Kabla ya Nadharia: Misheni na Shule za Kikoloni

Mjifunzaji wa lugha anayejulikana zaidi katika kumbukumbu za mwanzo za Mbozi si Mnyiha aliyejifunza Kiingereza, bali ni Mjerumani aliyejifunza Kinyiha. Wamoravian, waliokuwa wamefungua kituo cha Rungwe mwaka 1891, walifika Mbozi mwaka 1899. Mmisionari Traugott Bachmann aliishi hapo kwa miaka mingi, akajifunza Kinyiha miongoni mwa wazungumzaji wake na kushughulikia tafsiri ya Maandiko katika lugha hiyo. Alijifunza kwa kusikia, kukosea, kusahihishwa na kusema tena, akiwa na haja ya kweli ya kueleweka. Nadharia za karne ya 20 zilikuja kuyapa masharti hayo majina ya kitaaluma. Mjifunzaji wa Kiingereza katika eneo hilo hilo hakuwahi kuyapata.

Utawala wa Kijerumani ulikitumia Kiswahili katika shule za serikali na katika ngazi za chini za utawala. Waingereza walipoichukua Tanganyika, waliurithi msingi huo. Tume ya Phelps-Stokes iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 ilisisitiza elimu inayolingana na mazingira, na usanifishaji wa Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja ukapewa chombo chake mwaka 1930, ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Mpangilio wa lugha shuleni ukawa wa ngazi: Kiswahili katika madarasa ya mwanzo, kisha Kiingereza kufundishwa kama somo, na hatimaye Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia kadiri mwanafunzi alivyopanda katika shule za kati na kuelekea sekondari.

Mambo mawili katika mpangilio huo yana uzito kwa hoja ya makala haya. Kwanza, ulikuwa mfumo wa wachache: waliofika sekondari walikuwa wamechujwa vikali, na uwezo wa lugha ulikuwa sehemu ya chujio. Pili, ulikuwa na daraja. Mwanafunzi alipita miaka kadhaa ya mpito, akikutana na Kiingereza cha masomo kwa kiasi kilichoongezeka hatua kwa hatua. Daraja hilo lilikuwa jembamba na la kibaguzi, lakini lilikuwepo.

3.0 Makerere 1961 na Kuzaliwa kwa “Lugha ya Pili”

Januari 1961, miezi 11 kabla ya uhuru wa Tanganyika, wataalamu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana katika Chuo cha Makerere, Uganda, kujadili ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Mkutano huo uliipa istilahi hiyo uzito wa kitaasisi. Kiingereza cha makoloni yaliyokuwa yakielekea uhuru hakikuhesabiwa kuwa lugha ya kigeni, kama kilivyokuwa Japani au Brazili. Kilihesabiwa kuwa lugha itakayoendelea kufanya kazi ndani ya nchi: bungeni, mahakamani na darasani.

Robert Phillipson, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu ubeberu wa kiisimu, alizifupisha imani zilizojengeka katika mkutano huo kuwa tano: kwamba Kiingereza hufundishwa vyema kwa Kiingereza pekee, kwamba mwalimu bora ni mzawa wa lugha hiyo, kwamba mapema ndiyo bora, kwamba kadiri kinavyofundishwa kwa wingi ndivyo matokeo yanavyokuwa mazuri, na kwamba lugha nyingine zikitumika sana, kiwango cha Kiingereza hushuka. Phillipson aliziita imani hizo upotofu, akionesha kuwa hazikuwa na ushahidi wa kutosha.

Imani hizo zilikubaliana na nadharia iliyotawala wakati huo. Umwenendo, uliofafanuliwa na Skinner mwaka 1957, uliiona lugha kama mazoea yanayojengwa kwa kichocheo, mwitiko na uimarishaji. Mwaka huo huo Lado alichapisha kazi iliyoweka misingi ya uchanganuzi linganishi: ugumu wa lugha ngeni hutabiriwa kwa kuilinganisha na lugha ya kwanza ya mjifunzaji. Kwa mtazamo huo, lugha ya kwanza ni chanzo cha mazoea mabaya yanayopaswa kuzuiwa. Kumkataza mtoto kusema Kinyiha au Kiswahili shuleni kukapata sura ya kisayansi.

Upinzani ulikuwa umekwisha kuanza. Mwaka 1953 UNESCO ilitoa taarifa iliyotetea matumizi ya lugha ya mama katika elimu ya awali. Mwaka 1959 Chomsky aliukosoa vikali mtazamo wa Skinner. Lakini msingi wa kinadharia ulipoanza kutikisika, vitabu vya kiada na mafunzo ya ualimu vilikuwa vimekwisha kujengwa juu yake.

4.0 Mwaka 1967: Daraja Linaondolewa

Kufuatia Azimio la Arusha na falsafa ya Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika elimu yote ya msingi. Kwa upande wa haki ya mtoto kuelewa anachofundishwa, uamuzi huo ulikuwa hatua kubwa. Mtoto wa Mbozi hakulazimika tena kukariri maarifa ya darasa la sita au la saba kwa lugha asiyoielewa. Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, uliotokana na Azimio la Musoma la mwaka 1974, uliipeleka elimu hiyo vijijini kwa upana ambao haukuwahi kuonekana.

Lakini uamuzi huo ulisimamia nusu ya mfumo tu. Sekondari ilibaki kwa Kiingereza. Miaka ya mpito, ambamo Kiingereza kilikuwa kikiongezeka hatua kwa hatua kama lugha ya kufundishia, ilitoweka. Kiingereza kikabaki kipindi kimoja miongoni mwa vipindi vingine. Mzigo ulibaki ule ule, bali daraja la kuuvushia liliondolewa. Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, ulioanza mwaka 1969, ulitambua kuwa mgawanyiko huo ungezaa tatizo na ukaashiria kuwa Kiswahili kingepanda hadi sekondari. Hatua hiyo haikukamilishwa.

Hapo ndipo istilahi “lugha ya pili” ilipoachana na uhalisia. Mwaka 1961 ilimtaja mwanafunzi aliyepitia mpito wa lugha kabla ya sekondari. Baada ya 1967 ilimtaja mwanafunzi aliyesoma Kiingereza kama somo tu, lakini mitaala ya sekondari ikaendelea kumchukulia kana kwamba bado ni yule wa zamani.

Ni jambo la kutafakarisha kwamba mwaka huo huo wa 1967 S. Pit Corder alichapisha makala kuhusu umuhimu wa makosa ya wajifunzaji. Alidai kuwa kosa ni ushahidi kwamba mjifunzaji anajenga kanuni zake mwenyewe. Mwaka 1972 Selinker aliuita mfumo huo wa kati lugha kadirifu. Mwanafunzi anayemwita dada yake “he” si mzembe. Kiswahili kina “yeye” mmoja kwa mwanamume na mwanamke, na lugha za Kibantu kwa jumla hazitofautishi jinsia katika viwakilishi vya nafsi. Kanuni anayoitumia ina mantiki, ila bado haijafika. Mwalimu aliyelipokea wazo hilo angeliona daftari lenye makosa kama ramani ya safari ya mwanafunzi. Utamaduni wa adhabu kwa makosa na kwa kuzungumza lugha zisizoruhusiwa uliendelea, kwa sababu ulitokana na umwenendo na haukuulizwa tena.

5.0 Miaka ya 1980: Ushahidi Unakubaliwa, Hitimisho Linakataliwa

Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kuwa Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima kiwango cha Kiingereza katika shule na vyuo vya Tanzania. Waligundua kuwa ni takribani asilimia 10 tu ya wanafunzi wa Kidato cha Nne waliokuwa katika kiwango ambacho elimu kwa Kiingereza ingeweza hata kuanza. Kwa maneno mengine, tisa kati ya kumi walikuwa wakimaliza ngazi ambayo kilugha walikuwa hawajawa tayari kuianza.

Hata hivyo, taarifa hiyo ilipendekeza Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia na kiimarishwe. Mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza uliofadhiliwa na Uingereza ukaanza mwaka 1987, ukisambaza vitabu vya ziada vya kusoma vilivyopangwa kwa viwango. Wanaisimu wa Tanzania waliukosoa mwelekeo huo. Kazi iliyohaririwa na Rubagumya mwaka 1990, na kitabu cha Roy-Campbell na Qorro cha mwaka 1997, ni miongoni mwa hoja zilizoeleza kuwa suala halikuwa uchaguzi kati ya Kiingereza na Kiswahili, bali kati ya kuelewa na kutoelewa.

Nadharia zilizokuwa mpya wakati huo ziliingizwa katika mjadala huu kwa namna inayostahili kuangaliwa. Krashen, katika kazi zake za mwaka 1982 na 1985, alidai kuwa lugha hupatikana mjifunzaji anapopokea ingizo linaloeleweka, lililo hatua moja tu juu ya kiwango alichofikia, na pale ambapo woga haujamfungia mlango. Waliotaka Kiingereza kibaki walipata hoja ndani yake: ikiwa nje ya darasa hakuna Kiingereza, basi kukiondoa darasani ni kuondoa ingizo lote. Hoja hiyo inashika neno “ingizo” na kuliacha neno “linaloeleweka”. Somo la Fizikia kwa Kiingereza katika Kidato cha Kwanza haliko hatua moja juu ya uwezo wa mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili. Liko ngazi nyingi juu yake. Kwa kigezo cha Krashen mwenyewe, hilo ni kelele, si ingizo.

Swain, mwaka 1985, aliongeza kuwa ingizo peke yake halitoshi. Mjifunzaji hana budi kuzalisha lugha, asukumwe kusema kwa usahihi zaidi, agundue pengo lake. Alifikia wazo hilo kwa kuwachunguza watoto wa Kanada waliosomeshwa kwa Kifaransa. Mfano wa Kanada umetajwa mara nyingi kutetea Kiingereza sekondari, lakini masharti yake husahaulika: wazazi waliuchagua mpango huo, walimu walizimudu lugha zote mbili, Kifaransa kilikuwa hai nchini, na lugha ya kwanza ya watoto haikuwa na hatari ya kudharauliwa. Hakuna sharti hata moja kati ya hayo linaloweza kuchukuliwa kuwa limetimia katika shule ya kata ya vijijini.

Cummins ndiye aliyekaribia zaidi hali ya Tanzania. Tangu mwaka 1979 alitofautisha lugha ya mazungumzo ya kila siku na lugha ya kitaaluma, akaeleza kuwa maarifa ya kitaaluma yaliyojengwa katika lugha moja huhamia katika nyingine, mradi msingi wa kwanza uwe imara. Kwa mujibu wa hoja hiyo, Kiswahili cha kitaaluma kinaweza kuwa mtaji wa Kiingereza. Kinapokomeshwa ghafla katika umri wa kuanza kujenga dhana dhahania, mtoto hukatizwa katika lugha moja kabla hajafika katika nyingine.

6.0 Mpakani: Funzo la Tunduma na Nakonde

Hoja ya “mapema ndiyo bora” inaweza kupimwa bila kutoka nje ya ukanda huu. Tunduma na Nakonde zinatenganishwa na mpaka ambao jamii ya Wanyamwanga iliukuta ukichorwa juu yao. Watu wa jamii moja, wenye lugha moja ya nyumbani, waliingizwa katika sera mbili zinazopingana. Upande wa Tanzania, tangu 1967, mtoto alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Upande wa Zambia, sheria ya elimu ya mwaka 1966 ilifungua njia kwa Kiingereza kufundishia tangu darasa la kwanza.

Iwapo Makerere ilikuwa sahihi, Zambia ingepaswa kuwa imelimaliza tatizo. Haikuwa hivyo. Udhaifu mkubwa wa watoto katika kusoma uliifanya serikali ya nchi hiyo, kupitia sera ya mwaka 1996, ikubali stadi za mwanzo za kusoma na kuandika zifundishwe kwa lugha za Kizambia; na kuanzia mwaka 2014 lugha hizo zikapewa nafasi ya kufundishia katika miaka minne ya kwanza ya elimu ya msingi. Upande mmoja ulimpa mtoto miaka mingi ya Kiingereza bila uelewa. Upande wa pili ulimpa uelewa, kisha ukaukatiza. Ulinganisho huu unaonesha kuwa idadi ya miaka haiamui peke yake.

Kwa upande mwingine, mpaka huo unaonesha uhalali wa hamu ya wazazi. Barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA hupita katika mkoa huu, na biashara ya Tunduma inahitaji lugha zaidi ya moja. Mzazi wa Itaka anayetaka mwanawe ajue Kiingereza hajapotoka. Upotofu uko katika kufikiri kuwa ili mtoto akijue Kiingereza ni lazima afundishwe kila kitu kwa Kiingereza. Wafanyabiashara wa mpakani wenyewe hujifunza lugha za wenzao kwa haja, mazungumzo na marudio, huku lugha zao za awali zikifanya kazi ya kufafanua.

7.0 Shule za Kata na Nadharia za Karne ya 21

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza mwaka 2004, ulieneza shule za sekondari katika kata nchini kote, na elimu bila ada kuanzia mwaka 2016 ikaongeza idadi ya waandikishwaji. Chujio la kikoloni likapanuliwa kwa kiasi kikubwa, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini sera ya lugha iliyobuniwa kwa wachache waliochujwa ikawa sasa inawahudumia walio wengi. Kozi fupi ya Kiingereza mwanzoni mwa Kidato cha Kwanza ilitarajiwa kufanya kazi ya daraja ambalo zamani lilichukua miaka.

Mtaala wa mwaka 2005 uliweka mbele ujenzi wa umahiri na mbinu shirikishi. Nyuma yake kulikuwa na nasaba ya Hymes na dhana yake ya umilisi wa mawasiliano, pamoja na mawazo ya Vygotsky kuhusu ujifunzaji kwa msaada wa mwingine. Mtaala ulimtaka mwanafunzi ajadili, aulize na atetee hoja. Mwanafunzi asiye na lugha ya kufanyia hayo hunyamaza au huitikia kwa pamoja na wenzake. Kwa hiyo mbinu shirikishi hukwama pale ambapo lugha ya kushirikia haipo.

Utafiti wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 kwa ushirikiano wa watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norwe, ulilinganisha ufundishaji kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ukaonesha ushiriki na uelewa mkubwa zaidi pale Kiswahili kilipotumika. Walimu nao hawakusubiri watafiti. Kubadili msimbo kati ya Kiingereza na Kiswahili kumeandikwa mara nyingi katika tafiti za madarasa ya Tanzania, mara nyingi kukifanywa kwa siri, kana kwamba ni kosa la kinidhamu. García na Li Wei, mwaka 2014, walilipa hadhi ya kinadharia jambo hilo: mwenye lugha nyingi hana masanduku yaliyofungwa, bali ana hazina moja anayochota kulingana na haja. Mwalimu anayeeleza usanisinuru kwa Kiswahili, kisha akawasaidia wanafunzi kuuandika kwa Kiingereza, anatekeleza ufundishaji ambao nadharia imeufikia baadaye.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, na papo hapo ikaahidi kuendelea kuimarisha Kiingereza katika kufundishia na kujifunzia. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilikuwa imekwisha kuelekeza maandalizi ya mpango wa Kiswahili katika ngazi zote. Utekelezaji sekondari haukufuata.

8.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonesha kuwa “lugha ya pili” halijawahi kuwa jina la kueleza hali tu. Limebeba dai kuhusu mazingira ya mjifunzaji, na dai hilo lilipokoma kuwa kweli mwaka 1967, jina liliendelea kulificha pengo. Umwenendo ulitumika kuzizuia lugha za mtoto. Nadharia ya ingizo ilitumika kutetea masomo yasiyoeleweka. Mfano wa Kanada ulitajwa bila masharti yake. Kila mara nadharia ilisomwa nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo iliyomhusu mtoto wa Itaka.

Kwa watafiti, hatua ya kwanza ni kumtaja mjifunzaji huyu kwa hali yake: ni mwenye lugha mbili tayari, anayejifunza ya tatu ndani ya shule pekee, huku akipimwa kwayo katika karibu kila somo. Kinyiha kinastahili kuingizwa katika tafiti za ujifunzaji wa Kiingereza, kwa kuwa athari zinazoandikwa kuwa za Kiswahili huenda zimepitia kwanza lugha ya nyumbani. Kwa watunga sera, hoja mbili zilizounganishwa tangu Makerere zinapaswa kutenganishwa: kukifundisha Kiingereza vizuri kama somo, kwa walimu waliokiandaliwa, na kuchagua lugha ambayo mtoto atafikiria kwayo. Hadi hapo hoja hizo zitakapotenganishwa, mtihani wa Fizikia utaendelea kuwa mtihani wa Kiingereza, na kijana aliyeielewa kanuni lakini akakosa neno la kuielezea ataendelea kuhesabiwa kuwa hakuielewa.